Dagaa walivyopanda hadi Kumsenga

Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo na kata zake kama Kumsenga, chakula chepesi cha jioni ya siku ya kazi ni cha zamani kuliko jiko la gesi na kuliko barabara ya lami. Mama anayetoka shambani jua likizama ana njia kuu mbili za kupata mboga. Ya kwanza ni maharage. Kama hayakulowekwa na kuchemshwa mapema, yatakaa motoni saa mbili au tatu na kumaliza kuni zilizobebwa kwa kichwa kutoka mbali. Ya pili ni dagaa wakavu. Wanachambuliwa, wanaoshwa kwa maji ya moto, wanakaangwa kwa mawese pamoja na kitunguu, nyanya na nyanya chungu, na ugali wa muhogo unapoiva mboga imekwisha kuwa tayari. Mazoea hutufanya tuamini kwamba wepesi huo unatokana na samaki mwenyewe: ni mdogo, kwa hiyo anaiva upesi. Maelezo hayo hayatoshi. Dagaa ni mboga ya haraka Kumsenga kwa sababu kazi yao kubwa imefanywa mbali na watu wengine, siku nyingi kabla moto wa jioni haujawashwa. Ukiichunguza historia ya mboga hii, utaona kazi ikihamishwa kutoka jikoni kwenda ufukweni, kutoka ufukweni kwenda mabegani mwa wachukuzi, na mara nyingine ikirudishwa jikoni kimyakimya.

Tuanze na maji, kwa kuwa Kumsenga haina ziwa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofika mita 1,470, na uso wake uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyanda za Buha, nchi ya Waha, zimeinuka juu yake kwa mamia ya mita, na kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini kwa barabara ni zaidi ya kilomita 200. Dagaa wa ziwa hilo ni wa aina mbili, wote ukoo mmoja na sadini wa baharini. Huishi katika maji ya wazi, mbali na miamba ya pwani, na usiku hupanda juu wakifuata viumbe vidogo wanavyovila. Huvutwa na mwanga, na wavuvi wa ziwa wameijua tabia hiyo tangu zamani. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta uvuvi wa usiku wenye utaratibu wake: moto wa kuni ukiwaka kwenye mtumbwi, samaki wakikusanyika chini ya mwanga, na wavuvi wakiwachota kwa wavu wenye mpini mrefu uitwao lusenga. Uvuvi wa namna hiyo unategemea giza. Mbalamwezi ikitanda, mwanga wa moto hauna nguvu tena, na wavuvi hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Kwa hiyo hata mtu wa ufukweni hakuwa na dagaa wabichi kila jioni, na mtu wa Buha hakuwa nao jioni yoyote, kwa sababu dagaa mbichi huanza kuharibika saa chache baada ya kutolewa majini.

Kilichoivunja kanuni hiyo ni kuanika. Karibu robo tatu ya uzito wa dagaa mbichi ni maji, na jua la kiangazi linaweza kuyaondoa kwa siku moja au mbili. Tufanye hesabu ndogo, maana ndani yake mna sehemu kubwa ya historia hii. Mpagazi wa karne ya 19 alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Kama mzigo huo ni wa dagaa wakavu, amebeba samaki ambao wabichi walizidi kilo 100, mzigo ambao hakuna bega la binadamu lingeupandisha hadi Kasulu, sembuse Kibondo. Maji yaliyobaki mchangani Ujiji ndiyo yaliyowezesha safari. Lakini hayakuondoka yenyewe. Kulikuwa na mtu aliyewatandaza dagaa alfajiri mitumbwi ilipotia nanga, akawageuza, akawafukuza kunguru na kuku, akawakusanya mbio wingu lilipotanda na kuwatandaza upya lilipopita. Ufukweni mwa Kigoma kazi hiyo imekuwa zaidi ya wanawake, wakati wanaume wakishika nyavu usiku. Saa mbili alizookoa mama wa Kumsenga jioni, mwanamke wa Ujiji alikwisha kuzitoa mchana, na nyingine juu yake. Wepesi wa jioni unamtegemea yeye kuliko unavyoutegemea udogo wa samaki.

Nguzo ya pili ya chakula hiki, baada ya kuanika, ni chumvi, nayo ina historia kongwe. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, karibu na mto Rusugi unapoingia Malagarasi, zimetumiwa kwa muda mrefu sana. Mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts, waliochimba huko katika miaka ya 1960, walipata mabaki ya kazi ya chumvi yanayorudi nyuma hadi karne ya 5 au ya 6. Wakati wa kiangazi watu walitoka pande nyingi, wakatoa ushuru kwa watawala wa Uvinza, wakachemsha maji hayo kwenye vyungu na kuondoka na chumvi. Njia za kwenda chumvini ziligusana na njia za kwenda ziwani. Henry Stanley, alipofika Ujiji kwa mara ya pili mwaka 1876, aliacha maelezo ya soko lake: Waha wakiuza nafaka, maharage, mbuzi na siagi, Wavinza wakileta chumvi, Warundi wakiwa na mawese, na wenyeji wa ufukweni wakiuza samaki wabichi na wakavu. Tazama bidhaa hizo kwa jicho la mpishi. Samaki mkavu, chumvi, mawese, nafaka: chakula cha jioni kinachopikwa leo Kumsenga kilikuwa kimekwisha kukusanywa kwenye soko moja karibu miaka 150 iliyopita. Kilichokosekana ni muhogo kutawala unga wa ugali, na njia ya kukifikisha kila kitu juu kwa bei ambayo mkulima wa kawaida angeimudu siku isiyo ya sikukuu.

Hapo hutokea pingamizi ambalo wazee na wanahistoria wote wangekuwa na haki ya kulitoa. Buha, watasema, ni nchi ya ng'ombe na maharage. Falme zake, Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu upande wa kaskazini, zilijengwa juu ya ng'ombe wenye pembe ndefu, na katika falme za Maziwa Makuu tabaka la wafugaji lilijivunia maziwa na kumwona samaki kuwa chakula cha watu wa chini. Kwa hiyo dagaa ni wageni, na kuwaandikia historia nyandani ni kuwabambikia ukoo usio wao. Sehemu ya pingamizi hilo ni kweli, nami naikubali: heshima ya meza ya mtawala haikuwa ya samaki. Lakini meza ya mtawala haikuwa jiko la mkulima, na historia ya chakula cha siku ya kazi haiwezi kuandikwa kwa kuangalia karamu. Zaidi ya hapo, tukianza kupima ugeni, maharage yenyewe yatashindwa. Maharage, mahindi na muhogo vyote vilitoka Amerika, na visingeweza kufika Buha kabla ya karne ya 16, wakati chumvi ya Uvinza ilikuwa imechemshwa kwa miaka 1,000 na dagaa walikuwa ziwani tangu zamani zisizohesabika. Halafu maziwa yenyewe hayakudumu. Sotoka iliyofagia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe kwa wingi, vichaka vikarudi mahali palipolishwa, mbung'o wakafuata, na malale yakafika hadi serikali ya Waingereza ikahamisha watu katika miaka ya 1930 ili kuwakusanya mbali na mbung'o. Nyumba iliyokuwa ikilainisha ugali kwa maziwa au siagi ilihitaji kitu kingine cha kuweka pembeni ya sahani. Dagaa hawakumfukuza ng'ombe. Walikuta nafasi ambayo maafa yalikuwa yameiacha.

Pingamizi la pili ni la kijiografia, nalo lina nguvu zaidi. Kibondo si nchi kavu isiyo na samaki. Mto Malagarasi huanzia milima ya mpaka wa Burundi na kupita katika nchi ya Kibondo, na mashariki yake kuna maeneo oevu ya Malagarasi na Moyowosi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Kambare na perege wa huko wamekuwa wakivuliwa na kubanikwa kwa moshi miaka mingi. Kwa nini basi mboga ya haraka iwe samaki wa mbali na si wa jirani? Jibu langu ni kwamba umbali wa maji haukuwa kipimo pekee. Kambare wa kubanikwa anauzwa kwa samaki au kwa kipande, na bei yake inataka fedha ya mara moja ambayo nyumba ya mkulima huwa nayo baada ya mavuno tu. Dagaa hupimwa kwa kopo au kwa kikombe, na kikombe kinaweza kugawanywa hadi kiwango cha sarafu iliyomo mkononi. Samaki wa kubanikwa, akiwa mnene, pia hubaki na unyevu katikati na kuoza au kushikwa na wadudu mapema kuliko dagaa aliyekaushwa sawasawa. Mboga ya siku ya kazi haina budi kuwa kitu kinachonunuliwa kidogo, kinachokaa ndani wiki kadhaa na kinachongoja bila kudai lolote. Samaki wa jirani alikuwa bora kwa mgeni, lakini kwa Jumanne alihitajika samaki anayegawanyika.

Njia za kumfikisha samaki huyo nyandani zilibadilika hatua kwa hatua, na kila hatua iliongeza watu katika mnyororo badala ya kuwapunguza. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, na tangu hapo gunia la dagaa lilikuwa na njia ya kwenda Tabora na hadi pwani. Kwa Waha reli hiyo ilikuwa na maana nyingine pia. Kwa miongo mingi ya ukoloni nyanda za Kasulu na Kibondo zilifanywa ghala la vibarua, na vijana wake walipelekwa kwa maelfu kuvuna mkonge Tanga na kwingineko kama manamba. Kambi za mkonge zilikuwa shule kali ya chakula cha haraka. Mtu aliyekatwa nguvu na kazi tangu alfajiri, asiye na mke wala mama wa kumpikia, alijifunza kutegemea kile kinachoiva kabla usingizi haujamshinda. Naona ni sawa kuamini kwamba wengi waliorudi Buha na mikataba iliyokwisha walirudi na desturi hiyo pia, pamoja na shilingi chache za kuitekelezea. Kisha, katika miaka ya 1950, ziwa lenyewe lilibadilika. Karabai ilichukua nafasi ya moto wa kuni, na nyavu kubwa za kuinua, zilizoshushwa kati ya mitumbwi iliyofungwa pamoja, zilianza kuichukua nafasi ya lusenga. Usiku mmoja wa karabai uliweza kutoa samaki ambao moto wa kuni ungewatoa kwa siku nyingi. Ni hapo, kwa maoni yangu, ndipo dagaa walipoacha kuwa bidhaa ya soko kubwa na kuwa kitu cha duka la kijijini.

Lakini duka la kijijini linahitaji kijiji. Waha wengi walikuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila kaya na migomba yake na shamba lake, na mchuuzi wa dagaa hawezi kufuata kaya moja moja mlimani. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, mojawapo ya operesheni za mwanzo kabisa za kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, ilibadilisha hilo kwa amri. Mengi yamesemwa juu ya machungu ya operesheni zile, na yamesemwa kwa haki: watu waliacha migomba na makaburi ya wazazi wao. Katika jambo hili dogo la mboga ya jioni matokeo yake yalikuwa mawili, na yalivuta upande mmoja. Watu walikaribiana, duka na gulio vikapata wateja wa kutosha kuleta gunia la dagaa. Na watu hao hao walipokaribiana, kuni za karibu zikaisha upesi. Miongo miwili baadaye shinikizo likarudi kwa nguvu mpya. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, wakimbizi walivuka mpaka kwa maelfu mengi, na kambi kama Mtendeli, Kanembwa na Nduta zikajaa katika iliyokuwa wilaya moja ya Kibondo kabla Kakonko haijatengwa. Mgao wa chakula kambini ulikuwa hasa nafaka, jamii ya kunde, mafuta na chumvi, na kunde zile zilihitaji kuni kuliko kitu kingine chochote katika mgao. Wanawake wa kambini na wa vijijini walitembea mbali zaidi kwenye pori lile lile. Mboga inayoiva kwa kuni chache ikawa na thamani ambayo bei ya kikombe peke yake haiwezi kuieleza. Ukiuliza kwa nini mwanamke wa Kumsenga alinunua dagaa wakati ana maharage ghalani, jibu mara nyingi liko kwenye mgongo wake na si kwenye ulimi wake.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni ya zamani, na kwamba wepesi wa kweli wa jioni umeletwa na friji na maarifa ya kisasa. Mfano wao mzuri ni samoni, samaki ambaye leo katika miji ya Ulaya na Marekani, na katika maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi, ndiye anayesifiwa kuwa chakula rahisi cha usiku wa wiki: kipande kisicho na mwiba, chumvi, ndimu, dakika 15 katika oveni. Nauheshimu mfano huo, kwa sababu ukiuchunguza unakubaliana nami. Mwaka 1866 viwanda vya kupakia samoni kwenye makopo vilianza kwenye mto Columbia, Marekani, na kabla kopo halijafunguliwa jioni kwa dakika moja, kulikuwa na mikono mingi iliyokata, kuosha na kufunga, mingi yake ya wafanyakazi wa Kichina waliolipwa kidogo. Ufugaji wa samoni kwa vizimba vya baharini uliposhika mizizi Norway kuanzia mwaka 1970, kazi ilihamia kwenye vizimba, viwanda vya minofu, barafu na ndege. Tena samoni wa kufugwa hulishwa, na sehemu ya chakula chake ni unga na mafuta ya samaki wadogo waliovuliwa baharini, ndugu wa karibu wa dagaa wetu. Dakika 15 za samoni zimesimama juu ya samaki wengine ambao wangeweza kuliwa. Dakika 15 za dagaa zinampeleka mlaji moja kwa moja kwa samaki yule mdogo, mzima, pamoja na mifupa yake yenye madini ambayo mnofu wa samoni umenyang'anywa. Pande zote mbili za dunia kazi imehamishwa. Tofauti ni kwamba nyuma ya samoni kuna viwanda vyenye majina, na nyuma ya dagaa kuna wanawake ambao majina yao hayaandikwi kwenye gunia.

Pingamizi la mwisho linauma zaidi. Dagaa, husemwa, ni chakula cha umaskini. Kuusifia wepesi wake ni kupaka rangi ukosefu. Silipuuzi. Ni kweli kwamba nyumba nyingi hula dagaa kwa sababu nyama ni ghali, na hakuna heshima katika kumwambia mtu asiye na uchaguzi kwamba amechagua vizuri. Hata hivyo pingamizi hilo haliwezi kueleza kwa nini dagaa wa Kigoma wana jina la pekee katika masoko ya Tanzania na huuzwa ghali kuliko dagaa wa Mwanza, ambao ni samaki wa ukoo mwingine kabisa. Watu hawalipi zaidi kwa ajili ya umaskini. Wanalipia mafuta ya samaki huyo, ladha yake na usafi wake anapoanikwa vizuri. Haliwezi pia kueleza ustadi wa jikoni. Kuna anayewakaanga kwanza bila mafuta ili waondokewe na harufu, anayewaunga kwa mawese na nyanya chungu, anayewachanganya na sombe, yaani kisamvu. Mboga isiyo na thamani haifanyiwi hayo yote.

Sehemu ambayo umaskini unaingia kweli ni mchanga. Dagaa waliotandazwa moja kwa moja chini ufukweni hukauka na chembe za mchanga, na chembe hizo husafiri bure ndani ya gunia hadi nyandani. Mwanikaji aliyelipwa kidogo hana muda wa kuwapepeta, mchuuzi wa jumla anapata uzito zaidi kwa mchanga ule ule, na kazi yote inaangukia mwisho wa mnyororo, kwenye ungo wa mama wa Kumsenga, anayechambua mmoja mmoja, anayekata vichwa, anayeosha mara tatu au nne kwa maji ambayo pia yalibebwa kichwani. Jioni hiyo mboga si ya haraka tena. Huu ndio ushahidi ninaouona kuwa mkubwa kuliko wote: wepesi ukikatwa ufukweni, hulipwa jikoni, na hakuna mahali kazi hiyo hupotea. Masika nayo huonyesha jambo lile lile. Mvua inaponyesha siku mfululizo, samaki huoza mchangani kabla hawajakauka, na bei nyandani hupanda mwezi huo huo. Dawa ya mchanga inajulikana. Vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi hupitisha hewa pande zote, hukausha upesi na kuwaacha samaki safi, na mradi wa FISH4ACP unaosimamiwa na FAO upande wa Tanzania wa ziwa umekuwa ukiisukuma njia hiyo pamoja na kuhifadhi vizuri zaidi. Kinachokosekana ni mnunuzi wa nyandani kuweza kutofautisha. Katika magulio mengi dagaa wa kichanja na wa mchangani humiminwa kwenye kopo moja kwa bei moja, na aliyejitahidi ufukweni halipwi jitihada yake.

Ziwa nalo lina neno. Watafiti walioandika mwaka 2003 walionyesha kwamba kupata joto kwa maji ya Tanganyika kumezuia maji ya chini yenye rutuba yasichanganyike na ya juu, na kwamba chakula cha msingi cha ziwa kimepungua kwa karibu asilimia 20, hali inayoweza kupunguza samaki kwa karibu asilimia 30. Utafiti wa mwaka 2016, uliosoma mabaki kwenye matope ya chini, uliona kupungua huko kukianza hata kabla ya uvuvi mkubwa wa karabai. Nyavu zimeongeza mzigo juu ya ziwa lililokwisha kuchoka. Tanzania ilifunga uvuvi kwenye ziwa hilo kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Kufunga kiangazi, wakati kuanika kunapokuwa rahisi zaidi, kuna gharama kwa mwanikaji kuliko kwa mtu mwingine yeyote katika mnyororo huu, na gharama hiyo inastahili kuhesabiwa na wale wanaopanga tarehe.

Barabara ya lami ya kuunganisha Kabingo, Kibondo, Kasulu na Manyovu, kilomita 260 hivi, inafupisha safari ambayo mpagazi aliitembea kwa siku nyingi, na gunia sasa litafika Kumsenga likiwa jipya zaidi. Kazi iliyobaki ni ya mezani na sokoni. Halmashauri za Kibondo na Kasulu zinaweza kuagiza kwenye masoko yake kwamba dagaa wa kichanja wauzwe kando, kwenye meza yao na kwa bei yao, kama vile mchele unavyopangwa kwa daraja bila mtu kulalamika. Na wewe unayenunua kikombe cha dagaa jioni ya leo, muulize mchuuzi wameanikwa wapi. Ukiambiwa kwenye kichanja, ongeza kidogo juu ya bei, na mwambie unaongeza kwa sababu gani.